Gari Linalochutama

Kila asubuhi nikifumbua macho, kitu cha kwanza nilichokitazama hakikuwa saa wala mume wangu. Yalikuwa matako ya gari. Dirisha la chumba chetu linaangalia uani, na mume wangu alininyanyulia kitanda kwa matofali ili nione nje, nisife kwa kukodolea dari. Basi nageuza shingo, nachungulia. Na kila asubuhi gari limechutama. Mbele limeinua pua kama mtu anayejidai hakuoni, nyuma limekaa chini, gurudumu limemezwa na bodi hata kiganja hakipiti.

Mimi ni fundi mapazia. Pazia likipungua upana wa kidole naliona nikiwa bado mlangoni, sijavua hata viatu. Kwa hiyo sikuhitaji mtu wa kuniambia kwamba leo limezama kuliko jana.

Nililichukia gari lile, na nililitegemea kuliko kitu chochote duniani. Ngoja nieleze, usije ukaniona mwendawazimu.

Nilianguka nikitundika pazia la sebuleni kwa mteja. Ngazi ya kuazima, mguu wake mmoja mfupi, na mwenye nyumba amesimama chini amekunja mikono ananiambia, "Vuta kidogo kushoto." Nikavuta kidogo kushoto. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni na pazia limenifunika kama maiti. Daktari wa hapa kwetu alinipiga picha, akasema pingili moja ya mgongo imehama mahali pake, inakandamiza mishipa ya fahamu. Mguu wa kushoto ulikuwa umeshakwenda. Wa kulia ulikuwa bado unaaga: vidole navihisi, unyayo kidogo, goti siku nyingine lipo, siku nyingine halipo. Akasema huo wa kulia unaweza kuokolewa kwa upasuaji, lakini hapa hakuna mwenye mkono huo. Yuko bingwa anayekuja hospitali kuu mara moja kwa mwaka, anakaa wiki moja, anaondoka.

"Mwaka huu umfikie," akaniambia. "Mwakani hatutakuwa na cha kuokoa." Kisha akamgeukia mume wangu. "Na njiani asitikiswe."

Asitikiswe. Barabara ya kwenda hospitali kuu ni mashimo yaliyoshonwa pamoja kwa viraka vya lami. Tulijaribu gari la wagonjwa, lile lenye king'ora. Jamani, springi zake ngumu kuliko roho ya mchawi. Kwenye shimo la kwanza la maana nilipiga ukelele, nikazimia, na muuguzi akamwamuru dereva ageuze. Nilipopata fahamu, kidole kidogo cha mguu wa kulia sikukihisi tena. Hiyo ndiyo ilikuwa nauli ya safari ile.

Ndipo mume wangu, seremala, mtu ambaye maisha yake yote ameongea na mbao tu, akasikia kwamba yapo magari makubwa ya zamani ambayo nyuma hayana springi za chuma. Yana mifuko ya mpira iliyojaa upepo. Ukikunja viti vya nyuma unapata nafasi ya godoro zima, na ukilala pale ni kama umebebwa mgongoni na mama yako. Akatoa pikapu yake ya kubebea mbao, akabadilishana na mtu. Hakuuliza mengi. Alijilaza nyuma, yule mtu akamzungusha mtaani kwenye kila shimo, na akarudi nyumbani macho yakimng'aa.

"Mke wangu, huhisi kitu. Naapa, huhisi kitu."

Kumbe ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Asubuhi ya kwanza tu gari likaamka limechutama.

Baba mkwe ndiye aliyeliona wa kwanza. Anaishi nasi tangu mkewe alipofariki. Alikuwa fundi wa malori tangu ujana wake, malori ya springi za chuma zinazohitaji wanaume wawili kuzinyanyua. Sasa masikio yamekufa nusu, na kumbukumbu imeanza kutoboka. Ataweka miwani ndani ya friji, kisha atailaumu miwani. Mume wangu alimkataza kushika magari ya watu tangu alipofunga gurudumu la jirani na kusahau kukaza nati. Lakini mikono yake ilikuwa haijasahau kitu, na ilikuwa inamuwasha. Alilizunguka gari, akaligonga kwa kifundo cha kidole.

"Gari linabebwa na upepo?" akasema. "Upepo unaondoa kofia, haubebi gari."

Chumbani kwangu haingii. Mkwe ni mkwe. Alikuwa anasimama nje ya dirisha kila asubuhi, mikono nyuma, anatazama pembeni kwa adabu. Namwamkia, anaitikia, ananiuliza nimeamkaje, nami najibu salama. Hata kama sikulala kwa maumivu, hata kama nimeng'ata mto mpaka umepasuka, najibu salama, kwa kuwa kuna maswali yana jibu moja tu. Na ukitaka kujua kweli, mimi sina sifa ya upole. Mtaa mzima unaujua mdomo wangu. Nimewahi kumfukuza mteja na kitambaa chake begani. Lakini kwa mzee yule ulimi wangu ulikuwa asali tupu. Siku nilipoletwa nyumbani kwa machela, yeye ndiye aliyekaa chini kwenye mlango wa mbele akalia kwa sauti, mzee mzima, wakati wanawe wote wamekaza nyuso.

Fundi tuliyempata tunamwita Mapovu, maana kila tatizo analianza na ndoo ya maji ya sabuni. Alikuja, akatazama gari, akakuna kichwa.

"Shemeji, hili linavuja," akaniambia kupitia dirishani.

"Hata mimi kitandani najua linavuja. Nimekuita uniambie wapi."

Akacheka, akajitosa chini ya gari, nikabaki kuona miguu yake tu na soksi zisizofanana. Anapaka povu kwenye kila kiungo cha paipu, anasubiri. Mahali upepo unapotoka, povu huchemka. Kazi yenyewe inataka subira, nami sina.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," nikampigia kelele.

"Nimeinama, shemeji. Shati limeshakuwa dekio."

Akaona povu likichemka kwenye kiungo cha paipu karibu na kompresa, ile pampu ndogo inayojaza mifuko. Akabadilisha kiungo. Gari likanyanyuka, likasimama limenyooka, mume wangu akanipungia mkono kama ameoa upya. Asubuhi limechutama, safari hii upande wa kulia zaidi.

Mapovu akarudi na ndoo yake. Akagundua kwamba nyuma kuna kijiti kidogo kinachokipa kifaa cha kupimia habari ya kimo cha gari, nacho kilikuwa kimevunjika, mwenye gari wa zamani akakifunga kwa waya. "Gari linadhani limesimama wima," akasema, "kumbe limechutama."

"Kama wanaume wa mtaa huu," nikasema. Mume wangu alicheka, na ilikuwa muda sijamsikia akicheka. Walibadilisha kijiti. Likanyooka mpaka jioni.

Mimi nikawa sikio. Wao wanakwenda kazini, mimi nabaki nasikiliza. Kompresa ikiwa nzima inaunguruma kidogo halafu inanyamaza, kama cherehani yangu nikimaliza mshono. Siku moja ikaunguruma, haikunyamaza. Funguo hazimo, gari limezimwa, lakini pampu inakwenda tu, sauti inakwaruza, inapanda, inakauka. Nikampigia simu mume wangu, nikampigia Mapovu, nikaita majirani mpaka koo likauma. Alipofika mtu wa kuchomoa betri, tayari uani kulinuka mpira ulioungua. Relei, ile swichi ndogo inayowasha na kuzima pampu, ilikuwa imeganda, na pampu imejiua kwa kusukuma upepo kwenye mfuko uliotoboka. Sikulaumu. Hata mimi ningeungua kwa kujaza kisichojaa.

Wakapata kompresa nyingine kutoka kwenye gari lililopata ajali, pamoja na relei yake. Na hapo ndipo Mapovu akafanya alichopaswa kufanya tangu siku ya kwanza, na nilimwambia hivyo hivyo usoni. Akalinyanyua gari kwa jeki mpaka mifuko ya mpira ikanyooka yote, mikunjo ikafunguka, akapaka povu ndani ya mikunjo ile. Likachemka pande zote mbili. Gari lilikaa muda mrefu kwa mwenyewe wa zamani likiwa limechutama, mpira ukaota nyufa kwenye mikunjo kama kisigino kisichojua mafuta. Likiwa chini hazionekani. Likiwa juu zinapumua.

"Mifuko mipya," akasema Mapovu. "Miwili. Hapa haipatikani, iagizwe."

Ikaagizwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini mimi tumbo lilikuwa zima, ni mguu uliokuwa unaondoka. Kila siku nilikuwa naviambia vidole vyangu vicheze, navyo vinacheza kwa uvivu, kama mtoto anayetumwa dukani hataki. Watu wakaanza kutushauri. Ng'oeni upepo, wekeni springi za chuma, kila mtu anafanya hivyo. Mume wangu akawaambia, "Springi za chuma ninazo kwenye gari la wagonjwa." Hakuwaeleza zaidi.

Bingwa akafika hospitali kuu. Wiki yake ikaanza, mifuko haijafika. Ikaanza kukatika, haijafika. Mume wangu alipiga simu hospitali, wakamwambia mgonjwa alazwe kabla ya siku ya mwisho ya upasuaji, akichelewa wasilaumiwe. Nikafunga begi langu mwenyewe, nimelala, natupia nguo ndani kutoka kitandani. Na kumbe Mungu hakuwa amelala, maana mifuko ikaingia ikiwa imebaki siku moja ya kusafiri. Niliipakata kifuani. Mpira mweusi, mpya, unanuka harufu ya dukani. Nililia, nasema kweli.

Siku hiyohiyo wakalinyanyua gari nyuma kwa jeki kubwa ya magurudumu, wakaweka gogo chini ya chesisi kwa usalama, wakafunga mifuko. Jua likizama kazi ilikuwa imekwisha, isipokuwa moja. Mapovu akawasha gari, kompresa kimya. Akapima, akasonya. Ile relei ya gari la ajali ilikuwa nayo imekufa.

"Kesho asubuhi duka likifunguliwa nachukua mpya," akasema. "Ni kitu cha kuchomeka tu. Tunajaza upepo, shemeji anapanda, mnaondoka. Ila linalala juu hivihivi. Mfuko ukiwa mtupu usiukalishie gari. Utajikunja vibaya, chuma kitaubana, utakatika. Mpira ule ukikatika hauzibwi."

Mume wangu akamfuata baba yake barazani, akamwinamia sikioni. Nilimsikia kutoka ndani. "Baba, gari lisiguswe. Linalala juu ya jeki mpaka kesho."

"Sawa," akasema mzee.

Ilikuwa ile sawa yake. Sawa ya mtu aliyeona midomo ikicheza akajibu kwa heshima. Niliitambua, nikataka kumwambia mume wangu arudie, lakini alikuwa ameshaingia kunigeuza ubavu, amechoka mpaka macho yamezama, nikamwonea huruma.

Alfajiri akaenda na Mapovu kwenye duka la vipuri ili wawe wa kwanza mlangoni. Nikabaki na mwanga wa dirishani, begi miguuni, na gari likiwa limenyanyua matako kwa mara ya kwanza asubuhi tangu tulipate. Nilitabasamu peke yangu. Lilikuwa zuri, nisiseme uongo.

Mlango wa mzee ukafunguka. Akatoka na kandambili, akasimama, akaliona gari. Akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyekuta darasa chafu. Akalizunguka. Akapiga jicho kwenye uzio, pale watoto wa jirani wanapojipenyeza kufuata mpira wao. Nami nikajua anawaza nini, kwa kuwa hadithi ile alitusimulia mara nyingi. Ujanani, gereji, mwenzake aliingia chini ya lori lililolazwa juu ya jeki, na jeki ikateleza. Tangu siku hiyo alikuwa na sheria moja, akamfundisha mwanawe tangu hajaota meno ya pili: gari halilali juu ya jeki. Hata uwe unakufa kwa usingizi, lishushe kwanza.

Akainama, akashika mpini wa jeki, akasukuma kidogo, gari likapanda nusu ya kidole. Akavuta gogo. Anafanya kwa utaratibu mzuri, mikono inajua, mgongo umenyooka. Alikuwa na raha. Muda mrefu hakuna aliyemwachia gari.

Mdomo wangu ukafunguka. Mimi huyu, ninayemkaripia hata diwani. Ilikuwa asubuhi, alikuwa baba wa mume wangu, sijamwamkia, na ulimi ukakataa katakata kuanza na amri.

"Shikamoo, Baba."

Hakusikia. Nikapaza sauti. "Shikamoo, Baba."

Akageuka, uso ukamchanua. "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, Baba."

Likatoka lenyewe. Naapa lilitoka lenyewe.

"Na maumivu?"

"Yamepungua, Baba. Baba, samahani, hilo gari..."

"Eh?" Akaweka mkono mmoja sikioni. Mwingine ulikuwa kwenye mpini.

"Gari, Baba."

"Nimeliona, nimeliona. Usijali. Vijana wamelisahau juu." Na akauzungusha mpini.

Jeki ikashusha pumzi ndefu. Hapo ndipo nikapiga kelele, hapo ndipo adabu ikanitoka yote, nikamwambia aache, aliache, nikamwita kwa jina lake, lile ambalo marehemu mama mkwe alikuwa akimwitia, jambo ambalo mkwe halifanyi. Yeye alikuwa ameshanipa kisogo. Gari likashuka, likapita pale lilipopaswa kusimama, likaendelea kushuka, na mwisho kabisa nikasikia mlio mdogo wa mpira, kama mtu anayekanyaga puto lililonywea. Likachutama.

Mzee akaivuta jeki, akaipeleka ukutani, akaifuta kwa kitambaa. Akaja dirishani akatazama pembeni kama kawaida yake.

"Sasa limelala vizuri," akasema. "Na wewe pumzika, una safari."

Akaenda zake kuoga. Mimi nikabaki pale nikiwa na hasira isiyo na mahali pa kwenda. Nilimchukia mzee yule kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha nikajichukia mimi, kisha nikamchukia mtu wa kwanza duniani aliyeamua kwamba watu wazima waamkiwe kwanza. Nilimpigia simu mume wangu. Nikamwambia baba ameshusha gari. Nikasikia pikipiki zikipita upande wake wa simu, kisha akakata.

Walirudi mbio. Mapovu hakunisalimia. Akalinyanyua gari, akachomeka relei, kompresa ikawaka mara moja, sauti safi kabisa, ile sauti niliyoingoja siku zote hizo. Upande wa kushoto ukajaa, ukapanda, ukasimama. Wa kulia ukapanda kidogo, ukaanza kupiga mluzi. Hakuhitaji povu. Lakini alilipaka, nadhani kwa mazoea tu, na nililiona likiruka vipande hewani.

"Shemeji, usiangalie," akasema.

Nilikuwa nimeangalia. Mpasuko ulikuwa kwenye mkunjo, mrefu kama tundu la kifungo cha koti.

Walijaribu. Gundi ya matairi, kipande cha mpira, mkanda wa chuma. Kila wakijaza unatoa mluzi. Mume wangu akasema tuweke gogo badala ya mfuko, Mapovu akamwambia gogo ni gumu kuliko springi ya chuma, wewe ni seremala unajua. Akasema basi twende hivihivi, upande mmoja. Mapovu akamweleza kwamba upande usio na upepo unakalia chuma, kila shimo litapanda moja kwa moja mgongoni kwa mgonjwa. Mume wangu akapiga simu kutafuta gari jingine la aina ile. Akapiga tena na tena, amesimama katikati ya uani, sauti ikizidi kuwa ya upole kadiri anavyokataliwa. La kuvunda halina ubani. Jua likapanda, likapita utosini, na saa ya kuondoka ikawa imepita bila mtu kuitaja.

Mzee alikuwa ametoka kuoga. Nikamsikia mume wangu akimuuliza, karibu na sikio, neno mojamoja. "Baba. Nani. Ameshusha. Gari?"

"Mimi," akasema mzee kwa sauti ya mtu anayesubiri kushukuriwa. "Umeliacha juu ya jeki usiku kucha. Watoto wanapita hapa. Nilikufundisha nini?"

Mume wangu alikuwa ameshika spana. Niliona vidole vyake vikiwa vyeupe. Akatazama dirishani kwangu, na mimi, ambaye nilikuwa na maneno ya kutosha kumzika mzee yule akiwa hai, nikatikisa kichwa.

"Ulinifundisha lisilale juu," akasema mume wangu. "Ahsante, Baba."

Akaingia ndani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akanipa mgongo.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Hukumwambia?"

"Nilimwamkia," nikasema. "Akaniuliza nimeamkaje."

Akageuka kunitazama. Alianza kucheka, kicheko kibaya, kikawa kilio katikati bila kukatika. Nikamshika kichwa. Nilitaka kumwambia twende hivyo hivyo, nitavumilia. Lakini safari ya kwanza ilichukua kidole, na hii ingechukua vyote kabla hatujafika. Wote wawili tulilijua hilo, kwa hiyo hatukulisema. Tulikaa hivyo mpaka Mapovu akakusanya ndoo na vyombo vyake na kuondoka bila kuaga.

Alasiri, mzee akaja dirishani. Alikuwa amevaa koti lake la heshima na shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Amepaka mafuta usoni. Mkononi ana mfuko wa matunda wa kula njiani. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba naye anasafiri, ila inaonekana yeye hakuwahi kuwaza vinginevyo.

"Mwanangu, mbona mnachelewa?" akauliza. "Au mnaningoja mimi?"

Mume wangu alikuwa amelala pembeni yangu, uso ukutani. Sikumwamsha. Nikajiinua kwa viwiko kadiri nilivyoweza, nikaongea kwa sauti kubwa, polepole, ili nisirudie mara mbili.

"Hatuendi, Baba. Bingwa hakuja mwaka huu. Wamepiga simu."

"Hakuja?"

"Hakuja, Baba. Ameahirisha."

Akasimama pale na mfuko wake. Niliona habari ikimwingia kidogo kidogo, na macho yake, ambayo siku zote hutazama pembeni, yakanitazama mimi moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika nyumba ile. Akaupitisha mfuko wa matunda kwenye nondo za dirisha, akaniwekea kitandani.

"Basi usilie," akasema. "Akija mwakani tutakupeleka. Gari lipo."

"Ndiyo, Baba," nikasema.